Una Hakika?

Ghala limejaa, asilimia tisini na tisa,
na darasa la Bi Pettigrew haliwezi kupandisha hata picha ya kiwavi.
Ndiyo maana niko hapa Oamaru, likizo ya Julai,
shule tupu, hita inakoroma kama paka mwenye mafua,
na mbele yangu miaka kumi na mitatu ya watoto wa watu.

Mkuu aliacha kikaratasi:
*Ngaire, futa zote za kabla ya 2016. Usizifungue, utachelewa.*

Nikafungua.

Picha mia mbili na nne za pengwini yuleyule,
au za jiwe; giza lilikuwa limeshaingia.
Mbio za nyika: matope, matope, goti, matope.
Kidole cha mwalimu mbele ya lenzi,
chekundu kama jua ndani ya kope.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo, limefura,
na mali hakuna aijuaye.

Futa. Neno dogo. Nimelitumia kwa ubao,
kwa meza zilizomwagikiwa rangi, kwa pua,
kwa machozi ya Sosefo Taufa
siku aliyogoma kusoma mbele ya wenzake.

Na huyu hapa, faili namba 0417, sekunde kumi na moja:
"Sa-ma-ki... a-li... aliruka!"
Kisha anaigeukia kamera
kama mtu aliyeinua gari.

Jumatano alikuja kubadilisha taa za ukumbi,
fundi umeme, ndevu, ngazi begani.
Nikamwambia nina video yake.
Akashuka vidato viwili.
"Ile ya kusoma? Ifute, Bi Ngaire. Tafadhali.
Siku hizi nasoma."

Sikuwa na jibu.
Labda mtu ana haki ya kukua bila shahidi.

Chagua zote.
Faili elfu sita na mia tatu zikageuka buluu kwa mpigo.
Mashine ikauliza: Una hakika?
Hakika sina. Nina kidole.

Mstari ukatambaa, ukakwama kwenye tisini na moja,
nikadhani kuna aliyekataa,
ukamaliza.

Nikafunga ofisi, nikarudi kutazama kama nimezima hita.
Nilikuwa nimezima.
Ukumbini taa za Sosefo huwaka zenyewe mtu akipita.
Nikasimama katikati, nisijongee,
mpaka ziliponisahau.