Mlango Usio na Kitasa

Jumamosi, Tartu, theluji imefika kwenye kingo za dirisha,
na sisi tuko chini, ghalani mwa kiwanda cha penseli kilichokufa,
tunafufua kompyuta za watu.
Hatutozi hata senti. Tunatoza subira.

Bibi Helve Lepasaar ameleta mpakato wake ndani ya kikapu cha uyoga,
umefunikwa taulo, kama mkate.
Nimeufuta wote, nimeupandia programu huria toka shina hadi jani:
kila mstari unasomeka, kila mstari unarekebishika,
hakuna anayechungulia.
Nikajisikia fundi. Nikabonyeza.
Skrini ikang'aa, herufi zikasimama wima kwa Kiestonia safi,
ila mtandao, kimya.
Kadi haiamki
mpaka ilishwe faili moja dogo,
kilobaiti mia nne na kitu,
limefumbwa na kampuni iliyolitunga,
halisomeki, haliguswi, haliulizwi.
Mbuzi kwenye gunia.

"Usilitie," akasema Taavet bila kuinua kichwa.
Taavet hutembea na waya wa mita kumi na tano mkobani,
heri ashinde njaa kuliko kula asichokijua.
"Tundu dogo kwenye ndoo si dogo kwa maji."
"Litie," akasema Leelo, akikata keki ya karoti.
"Mwenzio ana mjukuu Tromsø. Ataongea naye kwa leseni?"

Nami katikati, bisibisi mkononi,
na mfukoni simu yangu, ambayo, niseme tu,
imejaa milango ambayo sijawahi kuuliza imefungwa kwa nini.
Nguo ya kuazima haisitiri makalio,
lakini baridi ya huku hukufanya uivae.

Basi nikafanya nisilolizoea: nikamwuliza mwenye mpakato.
Nikaeleza vibaya, nikarudia, nikachora kisanduku juu ya bahasha.
Akasikiliza huku akivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Aa," akasema. "Mlango ule."

Miaka ishirini na sita alikaa kwenye swichibodi ya simu, enzi za Wasovieti,
akichomeka na kuchomoa sauti za mji mzima.
Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango
usio na kitasa upande wao.
Mtu aliingia asubuhi na chupa ya chai, akatoka jioni.
Hawakuambiwa. Walijua.
"Na bado niliunganisha," akasema.
"Mtoto kazaliwa Narva, baba yuko Tartu, utamwambia asubiri uhuru?
Niliunganisha. Ila niliowajua
niliwakoholea kwanza, mara mbili."

Taavet akainua kichwa.

Tukalitia faili.
Taavet mwenyewe alikata kibandiko, akaandika kwa penseli ya kiwanda kile,
akakibandika juu ya kifuniko:
Humu mna kitu tusichokijua.
Leelo akasema kinaharibu sura ya mashine.
Bibi Helve akakigusa kwa ukucha, akasema kibaki.

Machi nikampelekea kadi nyingine, ya kuchomeka ubavuni,
ya zamani, huria hadi mfupani, euro kumi na moja,
nzito kama asali ya Februari.
Nilidhani nimefunga hesabu.

Juzi nikapita kwake.
Siku za kazi, akasema, anatumia ile ya polepole;
uso wa Säde huja vipande vipande, pua kwanza, macho baadaye,
wamezoea, wanacheka.
"Lakini Jumapili anapiga fidla," akasema,
akikwepa macho yangu kama aliyekula kwenye mfungo,
"na fidla haitaki vipande.
Jumapili naiwasha ile nyingine.

Nakohoa kwanza."