Kasorobo

Daftari lina kutu ya pini na alama ya kikombe.
Kilindini, Machi, hamsini na saba.
Karani Mwarandu, kwa wino wa buluu,
ameandika kina cha maji kila saa, futi na inchi,
na pale alipochoka
saba zake zimelala
kama watu wa zamu ya usiku.

Wiki sita nazinakili, Makupa, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la betri za gari.
Herufi ya M kwenye kompyuta yangu haibonyei,
kwa hiyo mwezi huwa wezi
na maji huwa aji
mpaka nirudi nyuma niipige kwa ukucha.

Programu yenyewe ni ya wote, haina mwenyewe.
Wameiandika watu wasioonana.
Ukiipa tarakimu za bandari yako
itakwambia mwezi ulivuta kiasi gani, jua kiasi gani,
na bamvua ya mwakani itafika ngazi ya ngapi.
Nikaipa za Mwarandu.
Ikajibu kwamba mwaka ule bahari ya Kilindini
ilikuwa ikiwahi:
nyuzi saba na robo, kila kujaa, kila kupwa.

Nilimshuku karani, Mungu anisamehe.
Nilishuku saa yake, macho yake, usingizi wake,
nikamwona kabisa amekaa kwake anajaza kurasa kwa kubuni.

Mamangu alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso.
"Saa ya serikali zamani haikuwa hii.
Walitukata robo saa usiku mmoja
na mpaka leo hawajaturudishia."

Nikatafuta. Ni kweli.
Kabla ya mwaka wa sitini tulitangulia saa ya dunia
kwa saa tatu kasorobo,
na programu ilikuwa ikitoa tatu kamili.
Kasoro ilikuwa hiyo robo.
Miaka yote hiyo bahari imesingiziwa haraka.

Mistari minne tu. Nikaituma saa saba usiku.
Asubuhi nikakuta jibu la Nahuel, wa Chile,
ambaye kwake kulikuwa hakujacha:
Asante. Ushahidi uko wapi?
Ongeza jaribio.
Na mstari wa pili una nafasi tupu mwishoni, iondoe.

Nafasi tupu!
Nilivaa viatu, nikashuka, nikala viazi karai vya shilingi hamsini
nimesimama, nikigombana na Nahuel kichwani,
nikapanda, nikaiondoa nafasi tupu.
Stima ikakatika.
Ilivyorudi nikaandika jaribio.

"Wanakulipa ngapi?" mama akauliza.
"Ni mchango."
Akanyamaza. Mchango anaujua,
ana daftari lake la arusi na matanga:
jina, kiasi, na safu ya tatu iliyoandikwa BADO.
"Basi jina lako waliandike vizuri," akasema.

Ijumaa ikapokelewa.
Katika orodha ya waliochangia M ikanisaliti tena,
mimi Mwanakheri nimeandikwa Wanakheri.
Ningeweza kuomba isahihishwe, ni herufi moja.
Nikawafikiria wale wengine, mamia,
majina nisiyojua hata kuyatamka,
nikaiacha.
Wana kheri.

Na sasa yeyote akiigusa programu ile, popote alipo,
hata akibadilisha koma tu,
mashine kwanza hurudi Kilindini,
Machi kumi na saba, saa kumi za jioni,
ikamuuliza Mwarandu maji yamefika wapi.
Futi kumi na moja, inchi saba.
Ile saba iliyolala.
Jibu lisipolingana na lake
hapiti mtu.