Kumbukumbu za Kikao

Jina langu halimo kwenye orodha ya waliohudhuria.
Karani hahudhurii; karani yupo tu,
kama birika, kama saa ya ukutani.
Lakini mkono ulioandika "mita sita" ni huu.

Bwana Igarashi alikuja na chupa ya jamu.
Ndani hamkuwa na jamu, ulikuwamo mchanga mweupe
aliouchimba kwenye mpunga wa shemeji yake,
kilomita nne kutoka baharini,
chini ya tope jeusi, unene wa vidole viwili.
"Huu ni mchanga wa ufukweni," alisema.
"Haukwenda kule kwa miguu."
Mmoja wao akacheka. Niliandika: kicheko.
Kisha nikalifuta neno,
maana kicheko hakiingii kwenye kumbukumbu.

Alisema bahari hailisahau deni, huchelewa tu kulidai.
Akaomba ukuta wa mita kumi na nne.
Mhasibu akabonyeza kikokotoo, akakigeuza
ili Mkurugenzi aione namba bila kutajiwa.
"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"
"Miaka elfu moja na kitu."
Nikaona mabega yakilegea yote kwa pamoja,
kama watu walioambiwa mgeni haji leo.

Hoja imepokelewa. Itafanyiwa utafiti zaidi.
Ukuta uliopo unatosha kwa sasa.

Hiyo "kwa sasa" niliiongeza mimi.
Sentensi ilikuwa inachechemea bila yake.
Hakuna aliyeuliza. Mihuri saba, myekundu,
na chupa wakaisahau mezani.
Niliipeleka nyumbani, nikaiweka jikoni kando ya chumvi.
Siku moja Yoshiharu nusura aukolezee samaki.

Miaka tisa.

Nilikuwa namenya figili ardhi ilipoanza.
Dakika nne. Kabati likalala kifudifudi.
Chupa haikuvunjika.
Maji sikuyaona. Nilisikia king'ora,
halafu king'ora kikanyamaza,
na kule kunyamaza ndiko ninakokusikia hadi leo.

Wanasema wimbi lilivuka ukuta
kama mtu mzima anavyovuka kizingiti.
Jenereta zilikuwa ghorofa ya chini,
ndiko zilikotoshea kwa bei nafuu.
Bibi yangu alikuwa na kinu cha kutwangia wali wa mwaka mpya;
ukiacha kutwanga, kinapoa chenyewe.
Kinu kile cha pwani hakijui kuachwa.
Kiliomba maji usiku kucha,
na maji yalikuwa yamejaa hadi ngazini,
hakuna pampu hata moja ya kumnywesha mgonjwa.

Sasa tunaruhusiwa kurudi saa mbili kwa mwaka,
tumevaa nguo nyeupe kama wapaka rangi.
Mpichi wangu umezaa hadi matawi yanagusa chini.
Nyani wanakula. Hakuna aliyewasomea kipimo.

Kuna msemo: mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari lilikuwapo. Niliandika kwa wino mzuri,
kurasa kumi na moja, pambizo zimenyooka.

Jana tume iliniita. Kijana mmoja, tai imembana,
aliniwekea kumbukumbu zangu mbele.
"Mama Kusakabe, unathibitisha kwamba ziko kamili?"
Nikatoa chupa mkobani, nikaitua juu ya karatasi.
Nikaomba kalamu.
Kuna neno moja nililifuta, nikamwambia.
Nionyeshe ukurasa wa pili.