Daftari la Pijo

Kwanza niling'oa kisahani cha majivu.
Humo: vifungo viwili, ganda la karanga,
risiti iliyolainika kama ngozi ya kitunguu.
Baba hakuvuta sigara maisha yake yote.
Hapa ndipo skrini itakaa, nikasema,
nikaweka alama kwa chaki ya fundi cherehani.

Elinami, kaka yangu, kaja Pasua na viatu vya benki,
anaruka madimbwi ya oili kama jogoo.
"Gari halina hata redio, wewe unalitilia kompyuta?"
Nipe koleo, nikamwambia. Ile ya mdomo mwembamba.

Kompyuta yenyewe ni ya kuungaunga:
bodi isiyozidi kipande cha sabuni,
skrini ya mashine iliyomwagiwa mbege kwenye ubarikio,
feni iliyokuwa ikipoza kitu kingine, sijui nini,
na mita nne za waya mwekundu, bei ya kubembeleza, Mbuyuni.
Waya nikaupitisha chini ya zulia, nyuma ya mguu wa klachi,
nikatoboa ukuta wa injini, tundu nikalivisha mpira
bati lisije likaung'ata waya tukaungua sote.

Ikawaka. Elinami akapiga makofi.
Nikazungusha ufunguo: ikazima.

Stata ni mlafi. Ikiamka,
volti kumi na mbili zinashuka hadi nane,
na kompyuta, iliyozoea kuishi na wastaarabu, huzirai.
Siku tatu nililala na multimita.
Ya nne nikanunua betri ya pikipiki, nikaificha nyuma ya kiti,
kati yake na ile kubwa nikalehemu diodi.
Diodi ni mlango wa upande mmoja:
umeme hupita, haurudi kuhadithia.

Likabaki daftari.
Kaunta buku tano, zimefungwa kwa utepe wa tyubu.
Tarehe, kilomita, lita, mahali.
Mkono wa baba, herufi zimeinamia mbele
kama mtu anayepanda Kibosho na mzigo.
*Himo, lita kumi. Njia Panda, pancha.
Uchira, mvua, nimengoja.*
Nilitaka yote yaingie humo, gari lijue lilikotoka.

Usiku Mama anasoma, mimi naandika,
miwani yake imeshikiliwa na uzi.
Programu nimeitunga mwenyewe, tena kwa ukali:
mstari usio na mahali inaukataa.
Tulikwenda vizuri hadi mwaka wa tisini na nne.
"Alhamisi. Kilomita tisini na mbili."
Akanyamaza.
Mahali?
"Kistari."
Alhamisi iliyofuata: tisini na mbili, kistari.
Na iliyofuata.
Miaka miwili na ushee.
Skrini inapepesa neno moja jekundu, MAHALI,
inapepesa, haichoki, ndivyo nilivyoifundisha.
Mvua ikapiga bati. Mama akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.
"Andika Sanya Juu."
Kulikuwa na nini Sanya Juu?
"Mahindi."
Halafu, kidole bado kiko juu ya mstari:
"Si umeuliza mahali? Nimekupa mahali."

Asubuhi nikazungusha ufunguo.
Stata ikanguruma, skrini ikatetemeka kidogo, ikashika.
Elinami anataka tuanze na muziki. Baadaye.
Tangi limejaa, na kesho ni Alhamisi.
Nilikaa garini mlango wazi, mguu mmoja chini,
nikaifungua programu, nikautafuta ule mstari wa ukali,
nikaufuta.

Sasa inakubali kistari.