Kabla ya Theluji

Kila Oktoba, huko Suwałki,
Zdzisław hushuka chini ya nyumba, tochi mdomoni,
hupiga magoti mbele ya boila,
hulitegea sikio kama tabibu kifuani.

"Si linawaka?" Bi Halszka hulalama,
noti mbili bado zimekunjwa kiganjani.
"Sasa unatibu nini?"

Mwaka huu hakumjibu.
Alikung'uta bomba la moshi:
masizi, vijiti, manyoya.
Kunguru alikuwa amejenga humo,
pumzi yote ya moto ikirudi ndani.

Wengine huziba ufa.
Yeye alizibua.

Januari ikaja, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Hakikutokea kitu:
Halszka aliamka akikuna kisigino,
akateleka birika,
akanung'unikia tena zile noti mbili.