Tashrifa, Ukifika Guilin

Tashrifa, mjomba wako si msafiri.
Safari zangu ni Langoni hadi Mkomani, toroli la mchanga mbele,
na Manda kufuata mawe.
Lakini mwaka ule Aboud Famau alikwenda Guangzhou kununua vigae,
akataka fundi wa kuvigonga, asiuziwe vyenye ufa,
na kontena lilipochelewa siku nne
nikamwambia: bwana, hapa hotelini nitaota kuvu.
Nikapanda treni.

Basi sikiliza.

Usiende wiki ya kwanza ya Oktoba.
Taifa zima liko likizo, na wote wako mtoni.
Nenda ikishapita. Utakuta miti ina ua dogo la manjano,
dogo kama chenga ya mchele, na mji mzima unanukia kikuba
kana kwamba kila nyumba ina bibi harusi.

Viatu viwe vya mpira, vyenye meno.
Ngazi za mlimani zinateleza
kama ngazi za gati maji yakitoka.

Chakula: neno lao la halali ni qingzhen.
Mimi lilinishinda, nikawa nasema "chinjeni",
na wakanielewa.
Tafuta mlango wenye maandishi ya kijani.
Ndani kuna kijana anavuta unga kwa mikono mpaka uwe tambi.
Omba mchuzi wa ng'ombe. Pilipili yao usishindane nayo.

Chelezo watakwambia ni cha mianzi. Kigonge.
Kikilia kama bomba la choo, ni bomba la choo,
na bei ishuke nusu.

Yule mzee mwenye mnandi begani
havui tena samaki, anavua wageni.
Mpe chake kabla hujatoa simu. Si vibaya.
Hata sisi tuna punda wa kupigwa picha.

Noti ya yuan ishirini usiitumie.
Pale Xingping, mto unapopinda, kila mtu huinua yake
ailinganishe na milima. Inua na wewe.
Mimi niliinua, kisha nikaingia katika hesabu ya aibu:
mlima ule mmoja, tanuri ngapi?
Magogo ya mikoko mangapi, siku ngapi za moto?
Lipu ya Lamu nzima, misikiti yote, na Shela, na bado kipande.
Wenzangu wanavuta pumzi kwa uzuri,
mimi nahesabu magunia.

Ndipo nikalitia jiwe ulimi.
(Usifanye hivi mbele ya askari.)
Lilinyonya mate
kama linavyonyonya la kwetu.
Na hapo karibu na ukucha wangu, gome la chaza,
dogo, limegandia ndani,
na bahari iko mbali, saa kadhaa kwa treni.
Nikasimama na noti yangu mkononi
nikiwaza zidaka za nyumba ya mamako,
nilizozichonga kabla hujazaliwa,
kwa bahari iliyochomwa.

Mapangoni wamefunga taa: nyekundu, kijani, zambarau,
kama harusi ya mtu mwenye deni. Vumilia.
Baki nyuma kidogo, kundi lipite, ufumbe macho.
Utasikia tone.
Subiri.
Jingine.
Mlima unapigwa lipu kwa ndani,
na fundi wake hadaiwi na mtu.

Picha usinitumie.
Jicho la kulia chokaa ilishalichukua, la kushoto linabahatisha.
Nipigie, uniambie kwa maneno
ukungu ulifika wapi mlimani, kiunoni au kifuani,
na ukuta wa pango, ulipouwekea kiganja,
ulikuwa bado mbichi?

Halafu, nilikuwa nasahau:
maji yao ya kunywa ni ya moto, hata jua likiwaka.
Usilalamike. Beba chupa
yenye kifuniko kinachoshika.