Laini ya Mwero

Shuka la mwisho nililikunja mimi,
chumba mia mbili na kumi na nne, Shanzu.
Mgeni aliondoka hata papai hakulimaliza.
Meneja akatupanga uani, hatua mbili mbili,
kama mafungu ya vitunguu,
akatusomea barua: likizo bila malipo
mpaka hali itakapotengemaa.
Miaka kumi na mmoja nafua pale
sijawahi kukutana na huyo Hali.
Nikadhani atafika wiki ijayo.

Tulianza kula kilichokuwa ndani.
Kisha kilichokuwa kwa jirani.
Kisha jirani naye, Mama Riziki wa viazi karai,
akalifunika karai lake.
Nani ale viazi, kila mtu mbio,
saa moja ya usiku virungu viko njiani?

Ndipo ikasikika kuna pesa.
Chengo wa nyumba kumi akapita na daftari la mtoto wake,
barakoa kidevuni kama ndevu za buluu.
"Walioachishwa kazi na maradhi haya,
jina, kitambulisho, namba ya simu."
Nyevu Kombe, akaandika.
Dobi wa hoteli, akasita.
"Hoteli? Nyinyi si mna mfuko wenu?"
Tunao, nikamwambia, kila mwezi wamekata.
Lakini ule ni wa uzee, na mwingine wa kitanda cha hospitali.
Wa mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekosa kazi
haujashonwa.
Akacheka, akaandika: kibarua.
Na hicho kibarua chenyewe kimeota nyasi, Chengo,
njoo na mbuzi.

Namba niliyompa ni ya Mwero.
Laini aliisajili yeye, enzi zetu za simu moja.
Tulipotoka kumzika Ganze walinishauri, badilisha.
Sikubadilisha. Mna ujumbe wake humo:
*weka maji ya kuoga naja.*

Ijumaa simu ikatetemeka juu ya meza.
MWERO, UMEPOKEA SHILINGI ELFU MOJA.
Mume wangu,
aliyedaiwa mpaka na kinyozi,
miaka mitatu chini ya mchanga,
ameleta pesa nyumbani, tena mapema.

Bi Rukia Shee, wakala wa Mtopanga,
akatazama kitambulisho, akatazama simu,
akanitazama macho,
maana usoni yalibaki hayo tu.
"Mwero ni nani?"
Nilikuwa na neno marehemu mdomoni, tayari.
Nyuma yangu foleni. Nyuma ya foleni duka, na unga.
"Ni mimi."
Akazipulizia noti dawa, akanisukumia daftari.
"Haya Mwero, tia sahihi."
Nikaitia yake, ile yenye mkia mrefu.
Mkono uliijua.

Usiku mtoto akauliza kama ni baba aliyetuma.
Nikamwambia ale, mchicha unapoa.

Akatuma wiki ya pili, na ya tatu.
Ya nne, kimya. Ya tano akatuma.
Nikajikuta Ijumaa nachana nywele,
mimi, namsubiri Mwero,
ambaye akiwa hai nilikuwa nalala
nikamwachia mlango na komeo.

Kisha basi.
Chengo akasema orodha imechujwa,
majina yasiyolingana yametolewa.
Sikubishana. Mwero kafa mara ya pili,
na safari hii hata matanga hakuna,
mikusanyiko imepigwa marufuku.

Kila mwezi naiwekea laini vocha ndogo, isifungwe.
Nafua kwa ndoo nyumba za Bamburi,
zile ambazo hawaogopi mikono ya mtu wa nje.
Bado nakunja kihoteli, pembe kwa pembe,
ukingo ndani.
Juzi mwenye nyumba alilishika shuka lake akaligeuza,
akaniuliza mbona
nimemkunjia kama mgeni.